Fundi, Kwa Nini Gari Langu Linazama Mstarini?

Ukurasa wa maswali yenu ya magari. Anayejibu ni fundi wa giaboksi na klachi, Ndeeba, Kampala.

*Salaam aleikum Fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 1999, gia tano za mkono, injini na tabo ni zile zile za kiwandani. Juzi nilishiriki mbio za dragi za robo maili kwenye lami iliyofungwa. Taa ikiwaka naachia klachi, gari linaruka kidogo, halafu linazama, na mpaka mshale wa mizunguko ya injini urudi juu ya 3,500 ndipo linaondoka. Raundi ya pili niliichelewesha klachi. Gari lilikwenda vizuri lakini lote likanuka. Rafiki yangu anasema niongeze presha ya tabo, na pesa ya kazi hiyo ninayo. Nifanye? – Msomaji wa Bombo*

Waaleikum salaam, mwanangu. Pesa hiyo iache ilipo kwanza. Kuongeza presha hakuwezi kukusaidia mahali ambapo tabo yenyewe, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, bado haijaamka, na shida yako iko hapo hapo, kati ya mstari na mita kama 20 za mwanzo.

Sikiliza kwa nini linazama. Impreza husukuma kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo uzito wote wa gari umekalia matairi yanayofanya kazi. Kwenye lami kavu matairi hayo yanashika sana. Ukiachia klachi yote kwa ghafla kwenye mizunguko 3,000, hayatelezi. Klachi nayo umeshaifunga, haitelezi. Anayebaki kushindwa ni injini: inavutwa chini mpaka 2,000 au pungufu, na huko tabo haina moshi wa kutosha wa kuizungusha. Injini ya tabo isiyo na presha ni dhaifu sana. EJ20, injini hiyo yako, ilijengwa na mgandamizo mdogo, wa kama 8 kwa 1, ili iweze kuvumilia presha ikija. Isipokuja, una injini ya lita 2 ambayo Corolla ya kawaida inaweza kuiacha.

Hapo ongeza mwinuko wetu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 88 ya lile la pwani. Tabo ikishaamka hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini kabla ya hapo hakuna wa kufidia. Ukiona video ya mtu aliye karibu na bahari akiondoka na mizunguko 3,000 kwa gari kama lako, usidhani injini yako ni mbovu. Yeye anavuta hewa nzito kuliko wewe.

Kwa hiyo lazima kitu kiteleze kwa kipimo mpaka mwendo wa gari uifikie injini, na kwa gari lako kitu hicho ni klachi. Raundi yako ya pili, ile iliyonuka, ndiyo iliyokuwa karibu na usahihi, uliirefusha tu.

Fanya hivi. Shikilia mizunguko 3,500 bila kupandisha na kushusha. Taa ikiwaka, leta mguu wa klachi haraka mpaka pale inapoanza kushika, usimame hapo hapo, huku mguu wa mafuta ukienda chini. Gari litaondoka kwa nguvu na mshale usishuke. Kwa giaboksi yako na tairi la inchi 16, mizunguko 4,000 kwenye gia ya kwanza ni mwendo wa karibu kilomita 33 kwa saa. Ukifika mwendo huo injini na magurudumu vimelingana, achia klachi yote. Ukiondoka vizuri, safari hiyo ni sekunde moja na kitu. Kama mshale bado unazama, panda hadi 4,000, kisha 4,500. Juu ya 5,000 sikupeleki na giaboksi hiyo.

Giaboksi ya gia tano ya Subaru ya miaka hiyo ina jina baya, na halikusingiziwa. Zinazoletwa mezani kwangu mara nyingi zimeng'oka meno ya gia ya tatu, na wenyewe huapa kwamba gia ya tatu waliiweka taratibu. Mara nyingi wanasema kweli. Meno yalipata ufa siku nyingine, kwa mshtuko wa klachi iliyoachiwa kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari. Klachi ya kiwandani ni fyuzi yako: ikiteleza kidogo, inameza mshtuko ambao ungeenda kwenye meno. Ndiyo maana nakusihi usikubali kuuziwa klachi ngumu ya mbio, ile yenye vipande vya shaba badala ya sahani nzima, wakati nyuma yake kuna giaboksi ile ile. Itashika kweli, na bili itahamia kwenye giaboksi.

Kuhusu harufu. Gari lako likiwa na wewe ndani lina kama kilo 1,400. Kulifikisha kilomita 33 kwa saa kwa kuteleza klachi huacha joto la karibu kilojuli 60 kwenye sahani ya klachi na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo sahani hujibana juu yake. Joto hilo lingepandisha lita moja ya maji kwa nyuzi 14, na wewe unalimwaga kwenye ngozi nyembamba ya chuma kwa sekunde moja. Mara moja, klachi nzima inavumilia. Mara tatu mfululizo, huku kwenye foleni ukilisogeza gari kwa nusu klachi, sahani inaungua na haitarudi ilivyokuwa. Kwenye foleni zima injini, mkasukume kwa mkono. Ukinusa, pumzika robo saa, na mguu usiguse pedali.

Kabla ya yote hayo, angalia matairi. Yote manne yawe ya aina moja, ukubwa mmoja na yamechakaa sawa. Difu yako ya katikati ina kiungo cha mafuta mazito ambacho hupata joto magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa kasi tofauti, na hapa mjini tumezoea kununua tairi mojamoja kila linapopasuka. Matairi mapya mawili mbele na makuukuu mawili nyuma yanakichosha kila siku, hata usiposhindana. Upepo weka PSI 30 mpaka 32 kote. Gari la magurudumu manne halifaidiki sana na kupunguza zaidi ya hapo.

Na pima. Weka koni mita 18.3 kutoka mstarini, yaani futi 60, ambayo ndiyo alama ya kwanza ya muda kwenye viwanja vya dragi. Mwombe mtu asimame mbali ubavuni na simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, ahakikishe mstari na koni vyote vinaonekana. Hesabu picha kuanzia gurudumu linapoanza kuzunguka mpaka linapofika kwenye koni, ugawe kwa 240. Ukitoka sekunde 2.7 hadi 2.4, mchomoko wa gari umetoka nusu ya nguvu ya uvutano hadi karibu theluthi mbili yake, bila kununua hata boliti. Sehemu moja ya kumi ya sekunde inayookolewa hapo hukaribia kuwa mbili mwisho wa robo maili, kwa sababu mwendo ulioupata mapema unakwenda nao njia nzima. Badilisha kitu kimoja kila raundi, ukiandike kwenye daftari. Ukishafika mahali ambapo mizunguko haizami, klachi hainuki na muda haupungui tena, niandikie tena kuhusu presha ya tabo. Hapo tutakuwa na la kuzungumza.

*Mzee wangu, mimi nina RunX yenye injini ya 2ZZ na gia sita za mkono. Yangu ni kinyume: matairi ya mbele yanazunguka bure mpaka gia ya pili, usukani unavuta huku na huku. Nimeinua gari kwa spesa kwa sababu ya mashimo ya huku kwetu. Je, niweke matairi mapana? Au nipakie mchanga mbele? – Kijana wa Jinja*

Mchanga hapana, kijana wangu. Kitu kisichofungwa ndani ya gari la mbio ni hatari, na hakuna mwanzo mzuri unaolipia hilo.

Gari linalovuta kwa mbele lina ukuta wake, na ni vizuri uujue ulipo ili usiupige kichwa. Gari likichomoka, uzito unarudi nyuma, yaani unayatoroka yale matairi yanayofanya kazi. Nimekupigia hesabu. Chukua asilimia 62 ya uzito iko mbele, kitovu cha uzito kiko juu kwa moja ya tano ya urefu kati ya ekseli na ekseli, na mshiko wa tairi ni 0.9, ambao ni mzuri kwa lami kavu. RunX yako haiwezi kuzidi kama 0.47 ya nguvu ya uvutano, hata ukiiwekea injini ya ndege. Hiyo ni sekunde 2.8 mpaka kwenye koni ya mita 18.3. Gari linalosukuma kwa nyuma lenye vipimo hivyo, ila kama asilimia 45 ya uzito iko nyuma, hupata kama 0.5, na la magurudumu manne linaishia pale injini yake inapoishia. Kwa hiyo usijipime na Subaru ya yule ndugu wa Bombo. Jipime na 2.8.

Kuifikia hiyo 2.8, kazi yako ni kuzuia tairi lisizidi mwendo wa gari kwa zaidi ya kama asilimia 15. Tairi hushika vizuri zaidi likiteleza kidogo, na likianza kulia na kutoa moshi limeshapoteza. Ondoka chini, mizunguko 2,500 au hata 2,000, klachi ikiingia laini, na mafuta uyaongeze kadiri gari linavyochukua. Najua 2ZZ nguvu zake ziko juu ya 6,000 na moyo unataka kuondoka nazo. Ziache zije kwenye gia ya pili, ambako tairi linaweza kuzipokea.

Upepo wa mbele shusha kutoka 32 hadi 27 au 26, ukipima kwa geji na si kwa teke. Ukishusha zaidi, tairi la kawaida linakunja mashavu na katikati yake inainuka kutoka kwenye lami. Nyuma panda hadi 36. Ukimaliza mbio jaza tena kabla hujaingia barabara ya nyumbani. Mapana? Tairi jipya la mpira laini la ukubwa wako wa sasa litakufaa kuliko tairi pana la mpira mgumu. Soma ubavuni namba ya uchakavu: 400 na kuendelea ni la kudumu muda mrefu, 200 linashika zaidi na linaisha haraka.

Sasa hizo spesa. Watu wanadhani kuinua gari kunaharibu muda. Kwa sentimita 5 hasara ni kama sehemu mbili za mia za sekunde tu. Ninachokiogopea ni jointi za shafti za mbele. Umeziweka kwenye pembe kali tayari, halafu pua ikiinuka wakati wa kuondoka pembe inazidi. Tairi likianza kurukaruka, ule mdundo wa gudu-gudu-gudu unaousikia miguuni, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, maana ndio unaovunja jointi. Chanzo chake mara nyingi ni raba za kushikilia injini zilizolegea. Fungua boneti, mwenzako aweke gia ya kwanza na kugusa klachi taratibu hendibreki ikiwa imevutwa, nawe usimame pembeni, usikae mbele ya gari. Ukiona injini inainuka kama inataka kutoka, badilisha raba kabla ya kununua chochote kingine. Soko la vipuri la Kisekka zipo, ila chagua ambazo mpira wake haujapasuka. Raba iliyokaa juani miaka kumi ina mpira mfu hata kama haijawahi kufungwa kwenye gari.

*Fundi, Mark II Grande yangu ni otomatiki. Nimeambiwa kuna njia mbili: kushika breki huku nakanyaga mafuta, au kuweka N, kupandisha mizunguko na kutupia D. Ipi bora? Pia tairi moja tu ndilo linalochora lami. – Msomaji wa Arua*

Hiyo ya kutupia D kutoka N naomba uisahau leo. Ndani ya otomatiki kuna klachi ndogo ndogo zinazofunga kwa shinikizo la mafuta, na unaziamuru zisimamishe injini inayozunguka 4,000 kwa kufumba na kufumbua. Zitatii, kwa muda.

Ya breki inafaa, ikiwa fupi. Mguu wa kushoto kwenye breki kwa nguvu, wa kulia upandishe mizunguko mpaka 1,500 au 1,800, taa ikiwaka achia breki na ukandamize mafuta. Usizidi sekunde mbili. Gari likiwa limesimama, nguvu yote ya injini inayoingia kwenye konveta, chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi, haina pa kwenda, inageuka joto ndani ya mafuta ya giaboksi. Ukisikia magurudumu ya nyuma yanataka kuizidi breki, umepita kiasi, rudi chini. Baada ya kila raundi acha injini ikiwa kwenye N dakika kadhaa ili mafuta yazunguke yapoe. Na kabla ya siku ya mbio yaangalie kwenye kijiti: mekundu na safi, endelea. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua, gari hilo halina kazi mstarini.

Tairi moja kuchora lami ni kawaida ya difu ya wazi, ambayo huyapa magurudumu yote mawili nguvu ile tu ambayo lile dhaifu linaweza kuipokea. Dawa kamili ni difu yenye kizuizi, ile inayozuia tairi moja lisizunguke peke yake. Kabla ya kuitafuta, linganisha upepo na uchakavu wa matairi mawili ya nyuma, na ulipange gari mahali ambapo yote mawili yamekanyaga lami safi. Ukingoni mwa barabara zetu huwa kuna vumbi jekundu. Tairi moja likiwa juu yake, umeondoka na nusu ya gari. Viwanja vikubwa vya dragi Marekani hupulizia lami gundi ya kunata, kwa hiyo mizunguko na upepo wa tairi unaoonyeshwa kwenye video zao ni wa lami hiyo, si ya kwetu.

*Habari Fundi. Nashindwa na watu ambao muda wao kwenye karatasi ni mkubwa kuliko wangu! Inawezekanaje? – Dada wa Entebbe*

Inawezekana kabisa, dada, na unayo haki ya kushangaa. Muda ulioandikwa huanza gurudumu lako linapoondoka kwenye mwale wa mwanga wa mstarini, si taa inapowaka. Ukikaa sekunde 0.9 ukitazama kijani kisha ukatumia 15.2, umefika baada ya 16.1. Mwenzako aliyeondoka baada ya 0.5 na kutumia 15.5 amefika kwa 16.0.

Pale penye taa kamili, njano tatu hushuka kwa kupishana nusu sekunde, na kijani inafuata nusu sekunde baada ya njano ya mwisho. Ondoka ukiiona njano ya mwisho inawaka. Mpaka jicho, mguu na gari viamke, kijani imefika. Ukipata nyekundu, subiri kidogo zaidi raundi inayofuata. Na ukiingia mstarini, simama mara tu taa ya pili ya kupanga inapowaka, usisogee zaidi. Gurudumu linapata kama sentimita 30 za kuanza kutembea kabla saa haijaanza kuhesabu, na karatasi yako itapendeza.

*Kaka, je, ile Expressway ya Entebbe usiku haifai kwa mazoezi? Lami yake ni safi. – Kampala*

Haifai. Kikomo chake ni kilomita 100 kwa saa na watu wanaitumia kuwahi ndege na kurudi kwa watoto wao. Kwa hili sina ushauri wa kukupunguzia hatari. Mazoezi ya kuondoka hayahitaji barabara: mita 18 za kuchomoka na nafasi ya kusimama, jumla mita 100 za lami kwenye kiwanja kilichofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, kofia ngumu kichwani, na hakuna mtu amesimama mbele. Mbio zenyewe, waulize vilabu vilivyo chini ya FMU, shirikisho la vilabu vya mbio za magari hapa Uganda.

*Fundi, niyachome matairi kwa kuyazungusha kwenye maji kabla ya kuondoka, kama wanavyofanya? Yangu nimeyanunua yametumika, mistari bado mirefu. – Msomaji wa Mbale*

Maji yakwepe. Matairi ya mbio hayana mistari. Ya kwako yanayo, yatabeba maji mpaka mstarini na mengine yatadondoka kutoka kwenye madigadi mbele ya tairi lako. Zungusha kavu kidogo tu, kuondoa vumbi na vijiwe, uishie hapo. Mpira wa barabarani ukipata joto jingi unalainika juu na kuteleza zaidi.

Ila kabla ya hapo tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mistari mirefu haikuambii umri, na mpira uliokauka haushiki hata ukiuzungusha mpaka utoe moshi. Ukikuta umepita miaka kumi, hayafai mstarini wala njia ya kurudi Mbale. Niandikie namba utakazozikuta kwenye yote manne, pamoja na aina ya gari lako, nikuambie upepo wa kuanzia.